Karatasi ya Nne Inasema Pori

Mji wa Baraka, Alhamisi, mwezi wa kumi 1956. Upepo wa ziwa tangu alfajiri. Mvua inakusanyika juu ya milima, inatutisha, halafu inakwenda kunyesha kwa wengine. Nimekaa na kusimama mara ishirini.

«Kati ya kijito cha Lusenga na vilima hakuna anayelima. Wenyeji wenyewe wanapaita pori. Ardhi hiyo haina mwenyewe, na kampuni ya pamba inaweza kupewa bila kumdhulumu mtu yeyote.»

Hayo ameandika Bwana Agronomu, afisa wa kilimo wa teritwari yetu, yaani wilaya, katika ripoti itakayosomwa Jumatatu huko Fizi mbele ya kamisheni ya ardhi. Nakala niliipata jana. Niliposoma sentensi ile ya tatu, kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Bwana, nani alikwambia kwamba ardhi isiyolimwa mwaka huu haina mwenyewe? Nimeishi katika nchi yako miaka mitano. Nimeona mashamba yaliyoachwa yapumzike, majani yamefika magotini, na sikuona mtu akija na rula kuyagawa. Nimeona msitu mzima wa tajiri mmoja ambao ndani yake hakuna anayefanya kazi isipokuwa sungura, na kwenye lango kuna mlinzi mwenye bunduki. Kwenu, ardhi ikinyamaza, ukimya huo ni haki ya mwenye ardhi. Kwetu ukimya uleule unakuwa ushahidi dhidi yake. Na huyu «mtu yeyote» ambaye hatadhulumiwa ni nani? Ulikwenda kumtafuta? Ulimkuta hayupo? Ulimwuliza nani kama hayupo?

Niliandika hivyo kurasa tatu, na ninakiri nilizifurahia. Nimegombana na nusu ya magazeti ya koloni hii, naijua ladha ya kurasa tatu nzuri. Nilikuwa najiona tayari nimesimama Fizi, nikizisoma kwa sauti, mzee mzima mwenye miwani, na Bwana Agronomu akitafuta leso.

Kisha nikageuza ukurasa wa ripoti yake.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika alikopata habari zake: «Tazama ramani ya Dokta Asukulu, karatasi ya nne.»

Dokta Asukulu ni mimi.

Sikulala vizuri, lakini hilo si jambo la kuandika. La kuandika ni hili: jinsi mtu aliyezaliwa kilomita tatu kutoka Lusenga alivyoweza kuchora karatasi ile.

Ni miezi saba tangu nirudi. Udaktari niliupata nikiwa na miaka arobaini na minne, umri ambao wenzangu wanabeba wajukuu. Chuo kikuu kikaniongezea miaka miwili ya utafiti huku nyumbani: nichore na kueleza jinsi Wabembe wa kando ya ziwa wanavyogawana ardhi. Nilikodi nyumba ya mabati karibu na soko. Masanduku matatu ya vitabu nimeyaweka juu ya mawe ili mchwa wasiwe wasomaji wa kwanza. Kila asubuhi nakaa mezani saa moja, na kabla ya saa mbili niko nje, natembea kuelekea ziwani bila sababu, narudi, nakaa, natoka tena. Ulaya niliweza kukaa maktaba mchana kutwa bila kuinua kichwa. Huku kiti kinanichoma. Labda ni kwa sababu kule nilikuwa nasoma habari za watu wengine.

Hakuna anayejua kazi yangu ni nini. Wiki ya kwanza mama mmoja aliniletea mtoto mwenye homa, maana amesikia Dokta amekuja. Nilipomwelekeza zahanati aliniangalia kama mvivu. Wazee wananisalimu kwa heshima na kubadilisha mazungumzo. Wazungu nao wana adabu yao. Bwana Agronomu, ambaye hana udaktari wa kitu chochote, ananipokea barazani. Ndani ya ofisi yake kuna viti viwili, na kile cha pili sijawahi kukikalia. Nilimwambia. Alicheka, akasema ndani kuna joto.

Kwa hiyo ramani ndiyo ilikuwa kiti changu. Nilitaka iwe safi, iwe kamili, iwahi. Profesa wangu aliandika mwezi uliopita kwamba muda wangu wa mwaka wa pili utategemea karatasi hizi, na kwamba karatasi ya nne ndiyo safi kuliko zote. Barua ile niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni, ili wapita njia waone nasoma barua. Sasa najua kwa nini ni safi. Haina kitu ndani yake.

Asubuhi hii nilipanda baiskeli nikaenda Lusenga.

Niliwakuta wanawake kama kumi wanalima, mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja, kwa sababu mvua za kwanza zimelegeza udongo. Walikuwa wanalima wapi? Walikuwa wanalima katikati ya karatasi ya nne. Mahali nilipoandika pori kwa wino wa kijani, shangazi yangu Atosha, dada wa marehemu baba, mwanamke wa miaka sabini anayelima kama wa thelathini, alikuwa amepiga matuta ya muhogo hadi kwenye kijito.

Aliniona nikisukuma baiskeli kwenye nyasi.

«Dokta amerudi ku pori yake,» akawaambia wenzake. «Angalia miguu, baba. Huku kuko chui.»

Walicheka hadi mmoja akaegemea jembe.

Nilimwamkia, nikamwuliza moja kwa moja. «Shangazi, mwezi wa saba nilipopita hapa na karatasi, mliniambia hapa ni pori.»

«Tulisema.»

«Kwa nini?»

«Ulikuya na nani?»

Jibu lilikuwa limeanza kunifikia.

Mnyororo wa kupimia ardhi unahitaji watu wawili, mmoja kila mwisho. Chuo hakikuniwekea msaidizi. Bwana Agronomu, kwa ukarimu wake, aliniazima moniteri wake. Moniteri ni yule anayezunguka vijijini kupima kama kila nyumba imelima pamba inayotakiwa na serikali. Anayepungukiwa anaandikwa jina, na anayeandikwa jina anakwenda kulala gerezani Fizi. Mtu huyo ndiye niliyemchukua kushika mwisho wa pili wa mnyororo. Nilizunguka naye wiki sita nikiwauliza watu: shamba lako liko wapi, na pale ng'ambo ni pa nani?

«Ulikuya na ule muntu wa pamba,» shangazi akasema, «iko anavuta munyororo nyuma yako sawa mbwa. Sasa tuseme nini? Tuseme hapa iko shamba ya Atosha, imelala myaka ine, udongo yake imenona? Kesho yake angekuya kupanda kijiti: hapa pamba. Muhogo tungeweka wapi? Ku kichwa?»

«Mngeniita pembeni mkaniambia.»

«Ulituita pembeni, weye? Ulikuwa na haraka. Ulisimama pale, ukauliza, ukaandika, ukaenda. Hata mayi hukunywa.»

Mwanamke mwingine, kijana, ana mtoto mgongoni, akaongeza bila kuacha kulima: «Haiko sisi tu, Dokta. Batu ba Swima banafanya vile. Ba Kazimia banafanya vile. Muntu wa pamba akipita, shamba yote yenye kulala inakuwa pori. Akienda, inarudi shamba.»

«Tulidanganya muzungu,» shangazi akamaliza. «Hatukujua weye pia utaamini.»

Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, kwa aibu.

Lakini nataka kuwa mkweli kwenye daftari hili, kwa kuwa kwingine kote mimi ni mtu wa kushinda mabishano. Pamba ilikuja huku nikiwa sipo. Niliondoka kwenda seminari nikiwa na miaka kumi na miwili, nikawa mwalimu mbali, nikaenda Ulaya. Hila hii sikuwahi kufundishwa. Huo ni udhuru, na unatosha nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliona. Niliona michikichi imesimama mstari mmoja, na pori halipandi michikichi kwa mstari. Niliona visiki vyeusi vya moto, vyote vya urefu mmoja, urefu wa mtu aliyeinama na shoka. Niliona miti michanga yenye umri mmoja, kama wanafunzi wa darasa. Nilisimama, nikatazama, nikasema moyoni kwamba watatu wamejibu pori, fomu ina nafasi ya jibu moja, na moniteri anangoja ameshika mnyororo.

Nikaandika pori.

Niliwaambia basi kuhusu ripoti. Niliwaambia kampuni inataka kuanzia kijito hadi vilima, kwamba kamisheni inakaa Jumatatu, na kwamba karatasi wanayoitegemea ni yangu. Majembe yalisimama. Hakuna aliyecheka tena. Yule mwenye mtoto aliketi chini juu ya tuta.

Shangazi aliuliza kitu kimoja tu. «Hadi vilima? Na kule kwa kaburi ya bibi yako?»

«Na kule.»

Wakati huo alifika Etabo, kapita wa kijiji, yaani yule ambaye serikali inamwita kila inapotaka kitu na kumfunga kila inapokikosa. Mtu mwembamba, kofia ya kazi mkononi, amepanda mbio kwa kuwa ameambiwa baiskeli ya Dokta imeonekana shambani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia.

«Unataka kufanya nini?»

«Nitaandika kwamba ni mashamba. Nitafuta karatasi.»

«Usifanye.» Aliinua kidole. «Sikia, Bwana Dokta. Ukisema pori, kampani itakamata. Ukisema shamba, pamba itakamata. Sasa we na kalamu yako chagua njia ya kutuua, halafu urudi Bulaya.»

Nimesoma vitabu vingi. Nimejibu maaskofu. Mbele ya Etabo nilisimama nimeshika baiskeli kama mtu aliyekuja kuiuza.

Shangazi ndiye aliyemjibu. «Pamba tunapandaka, tunavunaka, inaisha. Kampani ikikaa, haitoke.»

«Pamba ikipunguka banafunga mimi, mama. Haiko weye.»

«Banakufungaka, unarudi. Ulirudi mwaka jana, ulirudi mwaka ingine. Na udongo ikienda, itarudi?»

«Unasema vile kwa sababu haulale ku simenti ya gereza.»

«Bwana yangu alilala kule myezi mitatu. Nilimupelekea bugali kwa miguu. Usinifundishe gereza, Etabo.»

Etabo alivaa kofia, akaivua. Alitazama matuta, akatazama kijito. Nilimwona anapiga hesabu ya mgongo wake mwenyewe, na sitamcheka mtu kwa hesabu hiyo. Mwishoni akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kama ni lazima kuandika, basi moniteri asijue kabla ya wazungu wakubwa kujua, na asipewe hata jina moja.

«Vile,» shangazi akasema. «Weka baiskeli. Kamata kalamu. Na leo utatembea polepole.»

Tulitembea hadi jua likawa upande wa milima. Sikuwa na mnyororo wala dira. Alinionyesha mpaka wa kwanza: masale mawili, ile mimea ya kuwekea mpaka, yaliyopandwa na mama mkwe wake, sasa yamejificha ndani ya nyasi, lakini mkono wake uliyafikia bila kutafuta. Shamba hili la Atosha, lililala miaka minne, sasa linalimwa. Lile la Mama Riziki, mwaka wa saba, litalimwa binti yake akijifungua. Lile kubwa lina wenyewe wawili, dada na dada, waligombana juu ya mchikichi mmoja, wakagawana: mmoja anachuma masika, mwingine kiangazi, na hawasalimiani hadi leo. Nilimwuliza anajuaje miaka. Alinitazama kwa huruma. «Si unaona miti?»

Kila shamba lilikuwa na jina la mwanamke. Hilo pia sikulijua, kwa sababu mwezi wa saba habari za wenye mashamba niliwauliza wanaume, barazani, ambao walinijibu vizuri sana juu ya vitu ambavyo hawavilimi.

Karibu na vilima alisimama penye kisiki kipana kilichooza katikati.

«Hapa ni pa mama yako.»

Niliinama nikakigusa kile kisiki.

«Alilima hapa mwaka ulienda kwa bapadri. Alikasirikia bapadri, akakasirikia baba yako, akakuya huku peke yake na shoka. Alikata mara mbili kuliko mwanamuke mwingine. Hakuna mutu alimusaidia, kwa sababu kila mutu aliogopa kumukaribia.»

Mahali pale nilikuwa nimesimama mwezi wa saba. Nakumbuka. Moniteri alisema mnyororo umenasa kwenye kisiki, nami nikamwambia aupitishe juu.

Niliandika jina la mama yangu kwenye orodha, baada ya la Mama Riziki. Mkono ulitaka kuliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Niliukataza.

Sasa niko mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nimekaa saa nzima bila kuinuka. Nimeandika barua mbili. Moja ni ya profesa. Nimemwambia karatasi ya nne ni ya uongo, kwamba uongo si wa wenyeji bali wa njia niliyotumia, na kwamba nataka kosa hilo lichapishwe kwa jina langu mahali palepale ramani itakapochapishwa. Sikumwomba mwaka wa pili. Nilianza kuuomba, nikafuta. Nina miaka arobaini na mitano. Nikipoteza nafasi hii hakuna chuo kitakachonifungulia mlango mwingine, na kufundisha tena watoto kuhesabu sitaweza kwa moyo mweupe. Ninaogopa. Nimeliandika neno hilo na nyumba haijaanguka.

Zile kurasa tatu nzuri za jana nimezichana. Zilikuwa za kumshinda Bwana Agronomu na soksi zake ndefu. Hazikuwa na jina la mwanamke hata mmoja.

Barua ya pili ni hii inayofuata. Kesho nitaipiga taipu, nitaipeleka Fizi mimi mwenyewe kwa baiskeli, na nitaisoma nimesimama, barazani au ndani, watakavyopenda.

Mabwana mtakaokaa mezani Jumatatu: msiitumie karatasi ya nne. Niliyeichora ni mimi na ninaiondoa. Mliyoiita ardhi isiyo na mwenyewe ina wenyewe, nimewaona leo, walikuwa wanalima. Msitie sahihi kitu chochote kinachohusu Lusenga kabla ya kufika Lusenga. Njooni kwa miguu, kuanzia kijito hadi vilima. Moniteri wa pamba abaki nyumbani. Msiwaulize wanaume.

Na wewe, Bwana Agronomu, kabla ya siku ya kuja Lusenga andika kwa mkono wako, weka na muhuri, kwamba shamba lililolazwa halitapandwa pamba, na kwamba kapita hatafungwa kwa sababu ya neno lolote litakalosemwa pale. Bila karatasi hiyo hutapata jina hata moja kutoka kwangu, ila la mwanamke mmoja aliyeniruhusu kumtaja. Usijisumbue kupekua nyumba yangu. Orodha niliiacha shambani, kwa mwanamke anayeitwa Atosha, ambaye hasomi na haihitaji. Mkiitaka, nendeni mkaiombe kwake, kwa adabu, na mkikaribishwa maji, myanywe.